MTOTO MMOJA, MILANGO MINNE

ALIPOIFUNGUA bahasha ile ya kaki na kuyamwaga yaliyomo juu ya mkeka, mama huyo hakusema neno. Zilikuwa karatasi kumi na moja. Kadi ya kliniki ya mtoto iliyochakaa pembe zote. Barua mbili za rufaa. Vyeti vya dawa. Stakabadhi za malipo. Na barua ya Ofisa Mtendaji wa Kijiji ikimtambulisha kwa yeyote anayehusika. Mtoto mwenyewe, mvulana wa miaka miwili na miezi minne, alikuwa amebebwa mgongoni, shingo yake imelala upande mmoja kama ya mtoto mchanga.

"Kila nilikokwenda walinipokea vizuri," alisema mwishowe. "Wala sikutukanwa. Ila kila mmoja aliniambia, hapa tumemaliza, sasa nenda kule."

Ndugu msomaji, kijiji chenyewe kimo katika Nyanda za Juu Kusini. Kwa ombi la mama huyo hatutakitaja, wala hatutamtaja yeye, wala zahanati na hospitali alizozipitia. Nia ya makala hii si kumnyoshea mtu kidole. Nia yetu ni kuzisoma karatasi zile kumi na moja kwa makini, maana ndani yake mna funzo kwa kila nyumba yenye mtoto mdogo, na kwa kila ofisi iliyowekwa kumhudumia.

SAFARI YA MIAKA MIWILI

Karatasi ya kwanza ni kadi ya kliniki. Mtoto alipofikisha wiki ya 14 alipelekwa zahanati kwa chanjo kama ilivyo desturi. Muuguzi wa siku hiyo alikuwa na macho mazuri. Kando ya safu ya uzito aliandika kwa kalamu nyekundu: "Shingo bado laini. Aangaliwe." Maneno manne tu, na yote yalikuwa sahihi. Lakini muuguzi huyo alihamishwa kabla mtoto hajarudi, na aliyempokea kazi alikuwa na foleni ya akina mama isiyokwisha. Alipima uzito, akachanja, akaweka tarehe ya kurudi. Kalamu nyekundu haikusomwa tena.

Mtoto alipotimiza miezi kumi alishikwa na degedege usiku. Wakampeleka hospitali. Daktari alieleza kwamba mtoto ana mtindio wa ubongo, akampa dawa ya kuzuia degedege, akaandika barua ya rufaa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Mtaalamu huyo yuko katika hospitali nyingine, safari ya kutwa nzima kwa basi. Mama alikwenda mara moja. Akaambiwa arudi kila baada ya wiki mbili. Nauli ya kwenda na kurudi ilimshinda, akaacha.

Wakati huo huo, katika makao makuu ya kata, palikuwa na Ofisa Ustawi wa Jamii ambaye kazi yake ni pamoja na kuzisaidia familia za namna hii. Hakupata kusikia habari za mtoto huyo. Na katika shule ya msingi ya kijiji, hatua mia mbili kutoka nyumbani kwa mama, palikuwa na mwalimu aliyesomea elimu maalum, ambaye naye hakupata kuulizwa.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mlango wa kwanza, zahanati, ulikuwa na taarifa. Mlango wa pili, hospitali, ulikuwa na dawa na utaalamu. Mlango wa tatu, ustawi wa jamii, ulikuwa na njia za msaada. Mlango wa nne, shule, ulikuwa na ujuzi wa kumfundisha mtoto. Kila mlango ulikuwa wazi. Kilichokosekana ni mtu wa kuishika mkono familia na kuipitisha kutoka mlango mmoja hadi mwingine. Mzigo huo aliachiwa mama peke yake, na mtoto mgongoni.

KWA NINI MAPEMA?

Huenda msomaji mmoja akasema: miaka miwili ni kitu gani katika maisha ya mwanadamu? Mtoto ana siku nyingi mbele yake. Jibu la wataalamu ni kwamba miaka hiyo haifanani na miaka mingine. Ubongo wa mtoto hukua kwa kasi kubwa mno katika siku zake za mwanzo, na kabla hajatimiza miaka mitatu hukaribia asilimia 80 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Katika kipindi hicho ndipo njia za kusikia, kuona, kusema na kutembea zinapofunguliwa. Njia inayotumika huimarika, isiyotumika hufifia. Wahenga walipotuusia kumkunja samaki angali mbichi hawakuwa na darubini, lakini walikuwa wameliona jambo hilo hilo.

Tuchukue mfano wa mguu kifundo, ambapo mtoto huzaliwa wayo ukiwa umepinda kwa ndani. Ulemavu huu humpata mtoto mmoja au zaidi katika kila watoto elfu moja wanaozaliwa. Kwa njia ya daktari Ignacio Ponseti, aliyefanya kazi Iowa, Marekani, mguu huo hunyooshwa taratibu kwa plasta inayobadilishwa kila wiki, kwa kawaida mara tano hadi saba. Watoto wengi huhitaji pia kukatwa kidogo mshipa wa kisigino, jambo la dakika chache. Kisha mtoto huvaa viatu maalum vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma: miezi mitatu usiku na mchana, halafu wakati wa kulala tu hadi afikishe miaka minne hivi. Mtoto aliyeanza katika wiki zake za kwanza hukua akikimbia na wenzake. Aliyefichwa ndani hadi mifupa ikakomaa huhitaji matibabu magumu zaidi, na pengine asipone sawasawa.

Au tuchukue masikio. Mtoto asiyesikia halii tofauti na wengine, hucheka, hunyonya, hunenepa. Wazazi hugundua anapopita mwaka na nusu bila neno, na hata hapo jirani huwatuliza: "Hata baba yake alichelewa kusema." Miezi inapita. Mtoto huyo angejulikana mapema, angepewa chombo cha kusikia au angefundishwa lugha ya alama pamoja na wazazi wake, na lugha ingemkuta akili ikiwa bado tayari kuipokea.

Mtindio wa ubongo, kama wa mtoto wetu wa bahasha ya kaki, hauponi. Yafaa jambo hili lisemwe waziwazi, maana wako wanaouza matumaini kwa bei kubwa. Lakini mazoezi yaliyoanza mapema hupunguza kukakamaa kwa viungo, humsaidia mtoto kuketi, na humfundisha mama namna ya kumlisha bila kupaliwa. Tofauti ni kati ya mtoto anayeketi mezani na nduguze na mtoto anayelala chumbani akitazama dari.

NYUMBA NDIYO ZAHANATI YA KWANZA

Tunaposema huduma za mapema, wengi wetu hufikiria majengo na makoti meupe. Lakini mtoto wa kijijini humwona daktari kwa saa chache tu katika mwaka mzima. Saa zote zilizobaki yuko mikononi mwa mama yake, baba yake, bibi yake na kaka na dada zake. Kwa hiyo huduma isiyoifundisha familia ni kama maji yaliyomwagwa juu ya jiwe.

Katika nyumba ile niliyoizuru, mama mkwe ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema kwamba mtoto amerogwa. Baba wa mtoto, ambaye ni fundi seremala, alianza kulala kwa kaka yake. Mama alipokuwa akienda kisimani wenzake walinyamaza. "Nikaanza kumficha," alisema. "Wageni wakija namwingiza ndani na kufunga mlango."

Tusiwahukumu upesi. Mtu asiyeelezwa jambo hulitafutia maelezo yake mwenyewe. Daktari alieleza ugonjwa kwa mama peke yake, tena kwa dakika tano. Baba na bibi hawakuelezwa na mtu yeyote. Kama mtu mmoja angefika nyumbani, akaketi na wote watatu, akawaambia kwamba ubongo wa mtoto uliumia kabla au wakati wa kuzaliwa, na kwamba si kosa la mama wala si uchawi wa jirani, huenda nyumba hiyo isingegawanyika. Mficha maradhi kilio humuumbua. Lakini mara nyingi mwenye kuficha ni yule aliyeachwa peke yake.

TULIKWISHA KUFANYA HAPO ZAMANI

Kuziunganisha huduma za mtoto si jambo geni katika nchi yetu. Mwaka 1983, katika mkoa wa Iringa, ambao wakati huo ulikuwa pamoja na Njombe, ulianzishwa mpango wa lishe uliosaidiwa na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha zilizotolewa na serikali ya Italia. Taasisi yetu ya Chakula na Lishe, iliyoundwa mwaka 1973, ilikuwa miongoni mwa washauri wake. Mpango ulianza katika vijiji 168.

Jambo la kukumbukwa katika mpango ule si fedha, bali utaratibu. Kila baada ya miezi mitatu kijiji kilikuwa na siku ya kuwapima watoto uzito. Matokeo hayakufungiwa kabatini. Yalipelekwa mbele ya kamati ya afya na serikali ya kijiji, watu wakaulizana: mtoto wa fulani amepungua uzito, kwa nini? Mama anashinda shambani? Basi na tufungue mahali pa kulelea watoto mchana. Maji ni machafu? Basi na tuchimbe kisima. Wataalamu wakauita utaratibu huo tathmini, uchambuzi na utekelezaji, kisha tathmini tena. Mganga, mwalimu, bwana shamba na mwenyekiti wa kijiji walikaa katika baraza moja, juu ya orodha moja ya watoto. Katika miaka michache idadi ya watoto wenye utapiamlo mkali katika vijiji hivyo ilipungua kwa zaidi ya nusu.

Lakini yafaa tuwe wakweli. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba Tanzania nzima watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Hiyo ni nafuu ukilinganisha na 34 wa utafiti wa mwaka 2015/16. Lakini katika mkoa huo huo wa Iringa, wenye mahindi, viazi na mboga, waliodumaa walikuwa zaidi ya nusu ya watoto. Funzo liko wazi. Kumlea mtoto kwa pamoja si kama kujenga daraja ambalo likikwisha limekwisha. Ni kama kupalilia shamba: ukiacha msimu mmoja, magugu yanarudi.

MPANGO UPO, MTU JE?

Mnamo Desemba 2021, jijini Dodoma, serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyopangiwa miaka ya 2021/22 hadi 2025/26, kwa ajili ya watoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane. Nguzo zake ni tano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, fursa za kujifunza mapema, na ulinzi na usalama. Neno lenye uzito katika jina la programu hiyo ni "jumuishi". Maana yake ni kwamba wizara za afya, elimu, maendeleo ya jamii na TAMISEMI hazina budi kukaa pamoja, na kukaa huko kushuke hadi mkoani, wilayani, katani na kijijini.

Sheria nazo zipo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imezikabidhi serikali za mitaa jukumu la kulinda ustawi wa watoto katika maeneo yao. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya huduma za afya, marekebisho na elimu. Upo pia mpango wa kunusuru kaya maskini chini ya TASAF, ulioanza mwaka 2012, ambao uliyaunganisha malipo ya kaya na kuhudhuria kliniki kwa watoto wadogo. Na Januari 2024 ulizinduliwa mpango wa kuwaandaa na kuwasambaza wahudumu wa afya ngazi ya jamii, watu wanaofika mlangoni kwa mwananchi badala ya kumngoja zahanati.

Basi kinachotakiwa ni nini? Kwa maoni ya mwandishi huyu, ni mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji jengo jipya.

Kwanza, daftari moja. Kila kijiji au mtaa uwe na orodha ya watoto wanaohitaji uangalizi, inayotunzwa kwa siri ya kazi, na isomwe na watumishi wote wanaowahusu. Kalamu nyekundu ya muuguzi isiishie kwenye kadi iliyo ndani ya mkoba wa mama.

Pili, mtu mmoja. Kila familia ya namna hii ipewe mtu wa kuiongoza: mhudumu wa afya wa jamii, au ofisa ustawi, au hata mwalimu. Si lazima ajue kila kitu. Inatosha ajue nani anajua, na akumbuke kuuliza: "Je, mlikwenda? Mliambiwaje? Nini kiliwazuia?"

Tatu, siku moja. Siku ya chanjo mama huja na mtoto bila kuitwa mara mbili: wiki ya sita, ya kumi, ya kumi na nne, mwezi wa tisa na wa kumi na nane. Katika siku hizo hizo mtoto atazamwe pia namna anavyoketi, anavyosikia na anavyocheza. Mtaalamu wa mazoezi akipangiwa siku moja kwa mwezi kuja kituo cha afya cha kata, nauli ya mtu mmoja itaokoa nauli za akina mama ishirini. Sera yetu ya afya huwasamehe watoto walio chini ya miaka mitano malipo ya matibabu katika vituo vya serikali. Lakini basi halisamehe mtu.

WEWE MSOMAJI UFANYE NINI?

Usingoje baraza la wilaya likae. Mtazame mtoto aliye nyumbani mwako. Watoto hawakui kwa saa moja, na kuchelewa kidogo si ugonjwa. Lakini mpeleke mtoto akaangaliwe iwapo amefika miezi mitatu na hatabasamu akitazamwa. Iwapo amefika miezi minne na shingo haijakaza. Iwapo amepita miezi tisa na hawezi kuketi bila kushikiliwa. Iwapo amepita mwaka mmoja na nusu na hatembei, au hana neno lolote. Iwapo hashtuki kwa kishindo. Na zaidi ya yote, iwapo kitu alichokwisha kukijua amekipoteza. Ukienda, taja wasiwasi wako waziwazi, na omba uandikwe kwenye kadi. Safari inayofuata, fungua ukurasa huo mwenyewe na useme: "Sista, hapa paliandikwa jambo. Naomba litazamwe."

Nawe baba, nenda kliniki. Kusikia kwa masikio yako mwenyewe ni tofauti na kusimuliwa jioni. Na kama mtoto ana shida ya kumeza, usimlishe akiwa amelala chali. Mketishe wima, kichwa kikiinama mbele kidogo, umpe chakula laini kidogo kidogo. Hilo halihitaji fedha.

Wewe balozi wa shina, wewe mwenyekiti wa kitongoji, unazijua nyumba zako. Ukiona mlango unaofungwa kila mgeni apitapo, bisha hodi kwa upole.

Kwa mtoto wa bahasha ya kaki, aliyebisha hodi alikuwa binti mmoja mhudumu wa afya wa jamii, aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba kuhesabu vyandarua. Aliona mguu mdogo ukichungulia chini ya khanga. Aliuliza. Akaketi. Akazisoma karatasi zote kumi na moja, ya kwanza hadi ya mwisho, na huenda alikuwa mtu wa kwanza kufanya hivyo. Wiki iliyofuata alirudi na Ofisa Ustawi wa Jamii, na yule mwalimu wa hatua mia mbili. Waliomba baba awepo, naye akaja. Mtaalamu wa mazoezi alimwonyesha mama na mama mkwe namna ya kumnyoosha mtoto viungo nyumbani, kisha akampa baba mchoro wa kiti.

Siku nilipofika, kiti kile kilikuwa uani: mbao za msonobari zilizopigwa randa vizuri, mkanda wa kitambaa kifuani, na meza ndogo mbele. Mtoto aliketi humo, kichwa chake kikiyumba bado, mkononi ameshika kipande cha kiazi. Hatembei. Huenda asitembee. Lakini alikuwa akiwatazama kuku, na dada yake alipomwita aligeuka akacheka.

Nilimwuliza baba kiti kilimchukua muda gani kukitengeneza. Alifikiri kidogo.

"Siku mbili," alijibu. "Mbao zilikuwapo. Ningeambiwa mapema, kingekuwa tayari tangu mwaka juzi."